Mara ya Nne Darajani

Dini yangu inanikataza kuapa, kwa hiyo siapi. Nasema tu kwamba haya yalitokea Malaba, mchana kweupe, ndani ya ukumbi wa kanisa uliojaa watu, na mimi nikiwa na akili zangu timamu. Nimekuwa katekista kwa miaka arobaini. Nimefundisha watoto, na watoto wa watoto hao, kwamba wafu wako mikononi mwa Mungu, na hadi leo nafundisha hivyo. Lakini jambo uliloliona kwa macho yako utalifanyaje? Utalifunika na nini?

Miaka ile ya magendo ya kahawa, watu wa filamu walikuja huku kwetu mpakani. Walitaka kuonyesha jinsi kahawa ilivyokuwa ikivushwa kutoka Uganda. Wakajenga daraja lao la mbao juu ya mto, mbali kidogo na forodha, wakaandika majina ya vijana wa kubeba magunia. Jina langu lilikuwemo. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Siku ya kazi ikaangukia siku ya mtihani wangu wa katekisimu, nikampa nafasi hiyo dada yangu Skolastika, aliyenizidi miaka miwili. Alifurahi, akanifinya sikio.

"Nikirudi nitakuwa stelingi," akasema. "Sitakusalimia."

Hakurudi.

Wenzake walisema kwamba jioni hawakumwona. Wengine wakasema amefuata mfanyabiashara wa Tororo mwenye pikipiki. Baba aliyaamini hayo, akakataza jina lake lisitajwe nyumbani. Miaka ikapita. Baba alipokaribia kufa ndipo moyo wake ulipolegea, na wazee wakafanya kama desturi yetu sisi Wakhayo inavyotaka mtu anapopotea bila mwili kuonekana. Wakakata mgomba, wakaufunga sanda, wakauzika kwa jina lake, wakasema asitafutwe tena. Mimi ndiye niliyesoma sala. Nilisoma vizuri, bila kukwama.

Filamu yenyewe ilionyeshwa Ulaya, kisha ikapotea. Mwaka juzi tukasikia imepatikana katika ghala moja huko huko, imesafishwa mikwaruzo, na itazungushwa katika tamasha la filamu za zamani, Kisumu, Malaba na Busia. Nilimshukuru Mungu kwa magoti. Hatukuwa na picha ya Skolastika hata moja, hata ile ndogo ya kitambulisho. Kila mwaka sura yake ilikuwa ikinitoka, kwanza masikio, halafu kidevu. Wewe ungekaa nyumbani?

Ukumbini walikuwa wameziba madirisha kwa nailoni nyeusi. Nilikaa mwisho wa benchi la nyuma, kwa sababu ya miguu yangu. Mwenye tamasha alikuwa dada mmoja wa Nairobi mwenye miwani, kila mtu akimwita Madam. Alitueleza siri za filamu kabla haijaanza. Alisema wabebaji walikuwa arobaini tu, lakini waliwazungusha. Ukimaliza daraja, unarudi kwa kivuko cha chini, maji ya magoti, unajipanga tena kwenye foleni. Kwa hiyo arobaini wakaonekana kama mia tatu.

"Mkiangalia vizuri mtaona mtu yule yule mara tatu," akasema, na watu wakacheka. "Na kuna mahali watu wote ukingoni wanageuza vichwa kwa ghafla. Hakuna aliyewaambia wageuke. Hapo ndipo mimi huwa nasisimka. Ni uigizaji wa asili kabisa."

Taa zikazimwa. Filamu haikuwa imefika mbali, msichana mmoja akaja akakaa kando yangu. Alikuwa na ingata ya majani makavu ya mgomba mapajani, akihema kama mtu aliyetua mzigo sasa hivi. Nikadhani ni muuza ndizi aliyeponyoka sokoni. Stelingi alipotokea na kofia yake, akakohoa kicheko.

"Huyo aliogopa maji," akaniambia. "Walimbeba mgongoni."

"Umejuaje?"

"Nilikuwepo."

Nikatabasamu gizani. Vijana wa siku hizi wana maneno. Kisha akasema, "Ngoja kidogo, wananiita," akaweka ingata kichwani, akasimama. Nikavuta magoti ili apite. Niamini, hakuna aliyepita. Nilipoinua macho, kwenye pazia la filamu palikuwa na daraja, na juu ya daraja watu wenye magunia, na katikati yao gauni la mama yetu lililokatwa likawa fupi. Ndani ya gauni alikuwa Skolastika. Masikio yake, kidevu chake, kila kitu nilichosahau.

Alivuka, akatoka upande wa kushoto wa picha. Benchi likabonyea kando yangu. Alikuwa pale, akihema.

Mara ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Aliinuka, akavuka, akarudi. Ndipo nilipogeuka nikamtazama kwa mwanga wa filamu. Nilimsemesha kwa lugha yetu ya nyumbani, naye akanijibu kwa lugha hiyo hiyo.

"Ni wewe?"

"Na wewe ndio umezeeka hivi? Umepata na kitambi cha kanisa."

"Skola, ulienda wapi?"

"Sikuenda. Nilianguka." Alisema hivyo bila hasira. "Kwanza walijaza magunia pumba. Yule mkubwa wao akasema tunatembea kama watu wanaoenda harusi, hakuna uzito. Wakamwaga pumba, wakatia mchanga wa mto, mbichi. Mara ya nne mguu ukateleza. Gunia lilikuwa limefungwa kwangu kwa kamba."

"Na hakuna aliyekutafuta?"

"Nani? Kila mmoja alijua nimezunguka, niko nyuma kwenye foleni."

Nikasema neno pekee nililokuwa nalo. "Tulikuzika."

"Mlizika nini?"

Ningemdanganya vipi? "Mgomba."

Alicheka mpaka mtu wa mbele akageuka kututazama, na sijui alimwona nani. "Basi mgomba umepumzika," akasema.

Akaitwa mara ya tatu, akaenda, akarudi. Safari hii nilimwona akitetemeka goti darajani, kwenye pazia, na goti lilikuwa bado linatetemeka alipokaa. Akaniambia kwamba kila inapoonyeshwa lazima avuke. Kisumu alivuka, Ulaya alikuwa akivuka, na kila akimaliza kuvuka anasimama kwenye foleni na mzigo wake, kwa sababu hakuna anayemjua wa kumsogezea nafasi. Malaba ndipo alipokaa kwa mara ya kwanza.

"Mara tatu naweza, ndugu yangu. Ya nne waliikata, wakaitupa. Wakaacha watu wakigeuza vichwa tu. Nilishukuru sana. Sasa wameipata. Wanataka kuirudisha ndani. Waambie wasiirudishe."

Na hapo hapo, kwenye pazia, watu wa ukingoni wakageuza vichwa wote kwa pamoja. Nilijua wanatazama nini. Nikasimama, mzee mzima, nikapaza sauti. "Zima! Zimeni hiyo!"

"Mzee, keti! Umetufichia stelingi!"

"Mwacheni, ameona bibi yake wa kwanza!"

"Mzee, hiyo ni filamu, haiumi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilipogeuka, benchi lilikuwa tupu.

Madam hakucheka. Alinitoa nje, akaninunulia soda, akanisikiliza mpaka mwisho. Sina baya la kusema juu yake. Ni kweli, akasema, katika mkebe wa pembeni walipata dakika mbili ambazo hazijawahi kuonekana. Zitaingizwa kwenye nakala ya diski, ile ya kutazamia nyumbani, itoke kabla ya Krismasi. Nakala ya Busia pia itakuwa hiyo.

"Hiyo ndiyo zawadi yetu kwa watu wa hapa, mzee. Nimeitazama. Ni mtu anateleza, gunia linaanguka. Sura haionekani."

"Ni dada yangu."

"Una picha yake, tulinganishe?"

Picha yake ilikuwa ndiyo hiyo.

"Pole sana, mzee," akasema. "Niandikie jina lake. Tutaliweka mwishoni pamoja na wale wengine." Akaliandika kwenye simu yake, herufi moja moja, nikimtajia.

Nikaenda kwa padri wetu. Akasoma Misa ya wafu, na akanisaidia kuandika barua kwa wenye filamu. Walitujibu kwa heshima. Walisema wameguswa, na kwamba kuficha sehemu ya kazi ya kale ni kuiba historia ya watu. Soma tena sentensi hiyo, uniambie ningeipinga vipi. Mimi mwenyewe ningekuwa sina mtu mle ndani, ningesema hivyo hivyo. Niliomba novena tatu, zile sala za siku tisa tisa. Nilifunga. Nikaongea na mwakilishi wa wadi yetu, akaniuliza kama nataka fidia. Sikutaka fidia. Nilitaka dakika mbili zibaki ndani ya mkebe.

Diski ilitoka wakati waliosema. Wiki moja haikuisha, vibanda vya Busia vilikuwa vimeshainakili, na waliouziwa nakala wakanakili wao. Iliingia kwenye simu. Watu walinisimamisha barabarani kunipongeza. "Katekista, tumeona jina la dada yenu! Familia yenu ni maarufu!" Nilisema asante. Ningesema nini?

Tamasha lilikuwa na saa yake. Saa nane inaanza, saa kumi inaisha, na mtu kama mimi angeweza kwenda akae, asogee kwenye benchi. Lakini diski haina saa. Kuna mtu anaitazama akisubiri ugali uive. Kuna mwingine analala nayo inajirudia yenyewe. Ningekuwa wapi na wapi?

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, niliingia kunywa chai katika hoteli ya rafiki yangu mmoja, Mwislamu mcha Mungu, mjini Busia karibu na stendi ya malori. Tumezungumza dini miaka mingi bila kugombana. Hakujua lolote juu ya mambo haya. Televisheni ilikuwa ukutani, na ilikuwa hiyo filamu, na madereva walikuwa wameacha chapati zao wakiangalia juu.

"Ngoja, ngoja, anaanguka sasa hivi!"

"Woi! Umeona mguu?"

"Sijaona, nilikuwa naangalia chai. Boss, rudisha!"

Rafiki yangu akachukua rimoti, akarudisha. Daraja likarudi, gunia likapanda kutoka majini likakaa kichwani, kisha likaanguka tena.

"Hiyo si ya kuigiza, hiyo ni ya kweli."

"We acha! Hiyo ni mwanasesere. Rudisha tuone."

Akarudisha. Na wakati huo mtu akasimama mbele ya meza yangu. Ingata yake ilikuwa imesagika, imebaki nyuzi. Gauni lilikuwa kavu kabisa. Alikuwa na uso ule ule wa miaka kumi na tisa, ila macho yalikuwa kama ya mtu aliyekesha tangu kuumbwa kwa dunia. Akanisemesha kwa Kiswahili, kama unavyomsemesha mgeni.

"Mzee, hapa kuna mtu?"

"Hakuna," nikasema. "Keti, Skola. Ni mimi."

Aliketi. Alisema asante. Nikamwita tena kwa jina, kwa lugha yetu, nikamtajia mama, nikamtajia baba, nikamtajia sikio aliloliumiza kwa kulifinya. Alinitazama kama mtu anayetazama ukuta kuona kama una mlango. Kisha akaweka paji la uso mezani, kando ya kikombe changu, apumzike.

"Rudisha mara ya mwisho, boss," dereva mmoja akasema. "Nataka kurekodi nimtumie mke wangu."

Sikuona alivyoondoka.

Tangu siku hiyo sijamwona tena, na sina tumaini la kumwona. Namshukuru Mungu kwa yale aliyonipa, kwamba niliona sura yake, na kwamba najua hakutoroka na mwanamume wa pikipiki. Wale ambao habari hiyo ingewaponya wote wamekufa. Bado nawaombea marehemu kila jioni. Nikifika kwenye maneno "Raha ya milele uwape, ee Bwana", nalitamka neno hilo la raha kwa sababu limeandikwa, na ninaendelea.

Sasa nakuambia wewe unayependa filamu za zamani. Ni nzuri, sikatai. Lakini ukitazama, usiwaangalie wale wa mbele tu. Waangalie wanaopita nyuma na mizigo, ujiulize ni mara ngapi umewapitisha hapo. Na kama unayo filamu hii ya kahawa, usiifungue. Najua utaifungua. Hata sasa unaposoma unajiuliza utaipata wapi. Basi ukiifungua, usirudishe. Na ukirudisha, na mtu akakuuliza kama kando yako kuna nafasi, msogezee haraka, kwa maana hana muda. Usimwite Skolastika. Jina hilo halijui tena.