Mashine Ambayo Bibi Aliisalimia

Juma lililopita pikipiki yangu iliharibika hapa Kolwezi. Fundi akaimwagia mafuta ya taa parafujo iliyoshika kutu, akaniambia tungoje kidogo ilowe. Harufu ile iliponipanda puani nikawa mtoto tena, nimechuchumaa kwenye nyasi ndefu nje ya Mutshatsha, namngoja bibi yangu aseme, "Sasa vuta, mutoto."

Sijui kama kwenu mlikuwa na mahali kama pale. Sisi tulikuwa na shamba lililoachwa. Mwenyewe aliondoka kabla mimi sijazaliwa, na mashine zake zikabaki palepale zilipozimwa: matrekta, plau, matela yasiyo na magurudumu. Nyasi zilipenya katikati ya vyuma. Upepo ukivuma kutoka upande wa reli, mabati yalilia kwa sauti ya chini, kama watu wanaozungumza chumba cha pili.

Bibi, ambaye sote tulimwita kambo, kama bibi na babu wanavyoitwa kwetu, alikuwa mjane wa dereva wa shamba lile. Alijua kila kilichofungwa hufungukia upande gani. Tulikwenda na spana ya marehemu, chupa ya mafuta ya taa na gunia. Sahani za plau tulizipeleka kwa jirani yetu mhunzi, akazigeuza majembe. Springi zikawa visu. Karibu mtaa mzima ulilima kwa chuma cha shamba lile. Tukirudi, kambo alinisugua viganja kwa majivu mpaka wekundu wa kutu utoke, ndipo tukale bukari, ugali wetu, kwa sombe ya majani ya muhogo. Hata hivyo kila tonge lilikuwa na ladha ya chuma, na mpaka leo sombe isiyo na ladha ile naiona imepungukiwa.

Mashine moja tu hatukuigusa. Ilikuwa ya kuvunia mahindi, kubwa kama nyumba, imesimama peke yake mwisho wa shamba. Babu alifia ndani yake. Aliingia kutoa mabua yaliyokwama, na ngoma ya chuma ya kupukuchulia ikazunguka naye ndani. Tangu siku ile haikuwashwa tena. Watu waliikwepa. Walisema hata mbuzi huikwepa, nami nilidhani ni maneno tu, mpaka nilipoona nyasi zilizoizunguka: ndefu kuliko zote, hazijawahi kuliwa.

Kisha ukaja mwaka wa mvua nyingi. Maji yalikula njia ya reli, barabara ya Kolwezi ikawa matope, na mashine ya kusagia ya mtaani kwetu, mulini, ikakwama. Pete yake ya chuma, ile yenye gololi ndani, ilikuwa imepasuka. Wanawake walitwanga mpaka viganja vikachubuka. Jirani yetu aliyekuwa amejifungua mapacha hakuwa na nguvu ya kutwanga wala mtu wa kumtwangia, maziwa yakamkauka. Usiku tuliwasikia wale watoto wakilia, kisha tukasikia kilio kinazidi kuwa chembamba.

Mwenye mulini akaja kwetu, akakaa bila kunywa maji aliyopewa.

"Mama," akasema, "pete kama hii iko fasi moja tu."

Hakutaja wapi. Kambo aliendelea kuchambua sombe yake, jani kwa jani. Mwishowe akasema, "Kesho."

Tulifika mchana, jua likiwa kali, hakuna kivuli. Nilimshika kitenge.

"Kambo, bantu banasema mu hii mashini muko muntu."

"Muko. Ni bwana yangu," akanijibu. "Sasa unaogopa nini?"

Alivua viatu, akagonga bati kama anayepiga hodi, akamwita babu kama alivyomwita akiwa hai. "Tata, ni miye. Nimekuya na mujukulu yako. Mulini ya kwetu imekufa, batoto banalala na njala. Nipe ile pete, niende."

Akanipa gogo nibane ngoma isizunguke, akaingia chini yake kwa tumbo. Nilisikia spana ikigonga, nikasikia pumzi zake. Ghafla chuma kikalegea, na uzito wote wa ngoma ukaja mikononi mwangu. Gogo likalia, likavunjika.

Ngoma haikusogea.

Ilisimama juu ya mgongo wa kambo, haijashikwa na kitu. Vipande vya gogo vilikuwa miguuni pangu, mikono yangu mitupu.

"Shikilia vile vile," kambo akasema kutoka ndani, ametulia. "Niko namaliza."

Akatoka kinyumenyume, pete ameifunga kwenye kitenge. Kichwa chake kilipotoka nje kabisa, ngoma ikazunguka, polepole, mzunguko mzima. Humo ndani tukasikia punje zinamwagika, nyingi, kama wakati wa mavuno. Tulichungulia. Kulikuwa na vumbi la kutu tu.

Kambo alitazama vipande vya gogo, akatazama mikono yangu.

"Nani alishikilia?"

Akaweka kiganja juu ya lile bati, akakiacha hapo kama anayepima homa ya mtoto. "Aksanti, tata," akasema.

Mulini ilinguruma jioni ileile. Unga wa kwanza ulikwenda kwa mama wa mapacha. Wote wawili walipona.

Nilikuwa msichana mkubwa wanunuzi wa chuma chakavu walipokuja na malori na mitungi ya gesi. Walikata kila kitu. Lori lililobeba ile mashine ya kuvunia lilipopita, kambo alivua kitambaa cha kichwa, akaketi chini kando ya barabara, akalia kwa sauti. Mama wa mapacha akaleta mkeka, wengine wakafuata, moto ukawashwa. Tulikaa kama kwenye matanga yoyote, na hakuna aliyeuliza nani amekufa.

Kambo naye ameshaondoka. Shamba siku hizi ni la mihogo, safi, limepaliwa vizuri, mikononi mwa wageni. Mwaka jana nilisimama pale, mmoja wao akaja kuniuliza natafuta nini. Nikamwambia nilikuwa na ndugu yangu hapa, zamani.

"Alihamia wapi?" akauliza.

Nikamwambia sijui.