Nilijifanya Mlevi Ili Wasijue Nimeokoka

Msinihurumie, kosa ni langu mwenyewe na sina shetani wa kumsingizia. Mimi ni mwanamume mzima, nina mke, nina duka la mafuta ya alizeti hapa Majengo, Dodoma, na kwa miezi mingi nilikuwa najifanya mlevi. Ndiyo, umesoma sawasawa. Watu huficha ulevi ili waonekane wameokoka. Mimi niliokoka, nikaficha wokovu ili nionekane mlevi.

Na niliokoka kweli. Ilikuwa katika kanisa la mke wangu, kule mtaa wa Kikuyu tunakoishi. Nilipita mbele nikalia kama mtoto aliyeachwa stendi, na hamu ya pombe ikaniisha siku hiyohiyo. Mke wangu alifurahi akapika pilau katikati ya wiki.

Shida ilikuwa Jumamosi. Jioni tukishafunga maduka, wanaume wachache tulikuwa tunakaa nyuma ya ghala la Yona. Yona ni rafiki yangu, anauza karanga na mtama, duka lake linatazamana na langu. Kila mtu alikuja na chupa yake ya mvinyo wa hapahapa Dodoma. Tunakunywa, tunawasema wanasiasa, tunawasema wake zetu. Na aliyekuwa anawacheka walokole kuliko wote alikuwa nani? Mimi. Nilikuwa nawaigiza wanavyoomba mpaka watu wanavunjika mbavu. Sasa ningewaambia nini?

Mke wangu hutengeneza juisi ya zabibu, nyeusi na nzito, ambayo kwa macho huwezi kuitofautisha na mvinyo. Nikawa naijaza kwenye chupa, naziba vizuri, naondoka nayo. Yeye akidhani naenda kuinywa dukani.

Basi nikawa nakunywa juisi na kulewa. Glasi ya pili nacheka ovyo, ya tatu ulimi unakuwa mzito, nikiinuka nashika ukuta. Siku moja nililia kabisa, nikisema nawapenda wote. Niseme ukweli, nililewa vizuri kuliko zamani nilipokuwa nakunywa. Nilipepesuka hadi karibu na nyumbani, kisha nikajinyoosha na kuingia ndani nikiimba pambio.

Huko njiani ndiko alikoniona Mama Neema, kiongozi wa kwaya yetu. Jumapili hakuitikia salamu yangu. Siku chache baadaye mchungaji akaniita.

"Ndugu yangu, ni kweli umeonekana umelewa?"

"Hapana, mchungaji. Nilikuwa naigiza."

Akauliza, "Unaigiza ulevi, au unaigiza wokovu?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea atacheka, hakucheka. Akasema, "Waambie wenzako Jumamosi hii. Usiwahubirie. Waambie tu." Nikaahidi.

Nyumbani nikamweleza mke wangu pia, naye hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo na mimi unanionea aibu?"

Jumamosi nilifika ghalani maneno yakiwa mdomoni. Nikasema ngoja wamalize stori hii. Ikaja nyingine. Yona siku hiyo alikunywa sana. Jua likazama, watu wakaanza kuinuka, na mimi kwa mazoea nikashika ukuta.

Yona akaninyooshea ufunguo wa pikipiki yake. "Leo nipeleke wewe, ndugu yangu, una afadhali. Macho yangu hayako sawa."

Anakaa nje ya mji, barabara ya vumbi inayoshuka korongoni. Mimi niliwahi kuwa bodaboda kabla ya kufungua duka, njia ile naijua. Pombe sikuwa nayo hata tone. Lakini wenzetu wawili walikuwa bado wamesimama pale, wananitazama. Nikamrudishia ufunguo, na ili anielewe vizuri nikapepesuka kidogo.

"Mimi mwenyewe sijiwezi, Yona. Wewe nenda polepole."

Akaenda. Nyumbani hakufika. Walimkuta korongoni, pikipiki iko juu ya mguu wake.

Kesho yake nilimkuta mke wake nje ya wodi. "Asante kwa kuja, shemeji," akasema. "Mshukuru Mungu hukupanda naye, na hali uliyokuwa nayo." Maneno yale yananichoma hadi leo.

Nikaingia, nikamwambia Yona kila kitu.

"Hukuwa umelewa?"

"Hapana. Sijanywa tangu kabla ya masika."

Akageukia ukutani. "Daktari aliniambia niache tangu mwaka jana," akasema. "Kila Jumamosi nilikuwa nakutazama wewe. Nikawa nasema, siku huyu akipunguza, na mimi nitapata pa kuanzia."



Wale wengine niliwaambia wiki iliyofuata. Nilisimama kama mtu anayesomewa hukumu. Wakatazamana, mmoja akasema, "Sisi tulijua hunywi, chupa yako haikuwa na harufu. Tulidhani una vidonda vya tumbo, unaona aibu kusema." Kisha wakaendelea kuongelea bei ya mtama. Yaani hiyo ndiyo aibu niliyokuwa naikimbia! Kwa ajili ya hiyo nilimwacha rafiki yangu ashuke korongoni peke yake.

Mguu wa Yona umeunga, lakini umekuwa mfupi, anatembea na fimbo. Tunasalimiana. Ananiazima chenji. Nimemwomba msamaha mara nyingi, naye hujibu, "Yamepita," kwa namna ambayo unajua hayajapita. Pombe ameacha. Aliacha akiwa kitandani, peke yake, bila mtu wa kuanza naye.

Ndugu yangu unayesoma, kama imani yako unaiacha mlangoni ukienda kazini au kijiweni, nisikilize mimi mjinga. Hakuna anayekudai upige kelele sokoni. Lakini ukiulizwa, sema, na usipoulizwa, ishi. Unaweza kudhani wenzako wanangoja kukucheka, kumbe kuna mmoja kati yao amechoka, na anakungoja wewe utangulie.