Maswali Matatu ya Muuguzi

Kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote, muuguzi wa wodi ya ubongo husugua viganja vyake hadi vipate moto, kisha hushusha pumzi kama mtu anayetua gunia. Mama wa binti wa kitanda cha dirishani humjua kwa viatu vyake vya mpira vinavyoburuzwa sakafuni na kwa sauti ile ile iliyokauka: "Jina lako nani? Huyu ni nani? Leo siku gani?" Ndiye aliyemweleza ugonjwa wenyewe. "Kinga ya mwili ina askari wake, mama. Kawaida huzunguka kwenye utando unaofunika ubongo, wakichungulia tu. Wa mwanao wameingia ndani, wanampiga mwenye nyumba wakidhani ni mwizi. Dawa itawatuliza, polepole." Tangu hapo binti amemtukana na kumtemea mate. Muuguzi hujifuta kwa aproni, "Si yeye, mama, ni askari wake," na kesho yake huuliza tena.

Leo amekuja macho mekundu, maana mwenzake wa kumpokea zamu jana hakutokea, naye hajalala.

"Jina lako nani?" Binti akalitaja.

"Huyu ni nani?"

"Mama." Mama akashika ukingo wa kitanda.

"Leo siku gani?"

"Alhamisi."

Muuguzi akatikisa kichwa. "Hapana, mdogo wangu. Jumatano."

Binti akakunja miguu kumpa nafasi. "Jumatano ilikuwa jana, sista. Kaa kidogo."

Muuguzi akamgeukia mama. Mama akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka. Muuguzi akakaa.