Mimi wa Ziwani, Wifi wa Mulimani

Bwana yangu alikuwa muvuvi wa ndagala, zile samaki ndogo za ziwani, na bavuvi ba ndagala banafanyaka kazi kwenye giza. Taa yao ndiyo inaita samaki. Mwezi ukijaa, samaki hazifuati taa tena, basi mitumbwi inalala kwenye muchanga na banaume banabaki nyumbani kushona nyavu. Siku zile za mbalamwezi ndizo wifi yangu alikuwa anatelemukia kwetu Baraka, kando ya ziwa. Ni dada ya bwana yangu, aliolewa kule juu Fizi, na alijua akikuja siku zingine atakuta mimi tu.

Alikuja na maharagi na ndizi, mi ninaweka sombe, majani ya muhogo, kwenye moto, na muchezo wetu unaanza. Muchezo ulikuwa huu: siku dunia ikiharibika, nani atakimbilia kwa nani?

"Wifi, ule mulima yenu ungali umesimama?" Nilimupokea vile, hata salamu bado.

"Umesimama. Na ile maji yenu, haijapanda kitanda?"

"Ikipanda tutalala na samaki. We, mulima ukianguka, utalala na nani?"

"Mulima ukianguka utanileta mpaka kwa mulango yako, bila kulipa pikipiki."

Bwana yangu alikuwa anakaa chini, wavu umefungwa kwenye dole gumba la muguu ili unyooke, sindano mukononi. Yeye ndiye alikuwa muamuzi, na alikuwa muamuzi mubaya sana. Maharagi yakiwa matamu, mulima umeshinda. Ndagala zikikaangwa vizuri, ziwa limeshinda. Tukimulalamikia, anasema tumbo lake halina ndugu.

Tukimaliza ya kwetu, tunatembeza dunia nzima. Goma hatukutaka: kule mulima unatapika moto, bantu wanapika chai bila makala. Bukavu hapana: udongo unatelemuka na nyumba, unalala na jirani mumoja, unaamuka na mwingine. Minembwe, wifi alisema kule radi inachaguaka ng'ombe ya kunona. "Basi wewe usiende," nilimujibu, "itakuchanganya na ng'ombe." Lulimba hatukuihesabu. Muntu anayeingia mwenyewe ndani ya shimo kutafuta dhahabu, huyo hakimbii kifo.

Siku moja jirani yetu alikuwa anachambua maharagi pamoja na sisi. Ni mama aliyekimbia kutoka Burundi, alikuwa analima muhogo nyuma ya parseli, kiwanja chetu. Alitusikiliza, halafu akasema, bila hasira: "Bamama, kwetu hakukuwa maji, hakukuwa moto. Sisi tulikimbia bantu."

Mi niliinamia maharagi. Bwana yangu alivuta uzi. Ni wifi aliyetutoa pale. Alimuuliza: "Basi, mama, siku hiyo utakuja kwangu ao kwake?" Yule mama aliwaza sana. "Nitaenda kwa mwenye atapika wa kwanza," alisema, na yeye ndiye alitangulia kucheka.

Mi nilikuwa na jibu moja ambalo wifi hakuliwezaka. Wakati wa vita, ni ziwa lilitubeba. Na yeye alitelemuka kutoka kwenye mulima yake, mutoto mugongoni, mutoto mukononi, akapanda mutumbwi wa bwana yangu, tukavuka ng'ambo. "Siku ile nani alikimbilia kwa nani?" Nikimuuliza hivyo, anasogeza sahani anaomba sombe.

Bwana yangu hakufa na maji, hakufa na radi. Alikufa kwenye kitanda, kwa ugonjwa, kama bantu wengi. Baada ya matanga nilifikiri wifi hatakuja tena, maana nyavu tulikuwa tumeziuza. Mwezi ulijaa, nikamuona anashuka kwenye pikipiki na maharagi yake. Tukakaa pale pale. Muamuzi hakuwepo, basi kila muntu alijipa ushindi mwenyewe na tulikula kwa kugombana.

Halafu ziwa lilianza kupanda kweli.

Mvua zilinyesha kuliko kawaida, na maji hayakurudi. Yalikula kwanza muchanga tuliokuwa tunaanikia ndagala. Yakaingia kwenye muhogo wa jirani, akahama na batoto wake kwenda juu ya barabara. Yakafika kwenye kiwanja changu. Bazee walisema ziwa linapandaka na kushuka, tungoje. Nilibaamini kwa sababu nilitaka kubaamini. Niliweka mbabula, jiko ya makala, juu ya matofali, nikapika nikiwa nimesimama ndani ya maji.

Batoto yangu wako mbali. Walipiga simu: "Mama, panda Fizi kwa shangazi." Nilikataa. Walifikiri ni ukaidi wa uzee. Haikuwa hivyo. Maji niliyaona, mi si kipofu. Niliogopa kupanda kwa wifi kama mujane wa kuhurumiwa. Muntu anayekuhurumia hakutaniake tena. Na ule utani ndio kitu nilikuwa nimebaki nacho cha siku zile, bwana yangu akiwa pale na wavu wake kwenye dole.

Nilijua wifi atasikia. Nilitayarisha majibu yangu kama mutoto wa masomo anayengojea mutihani.

Alikuja asubuhi. Alisimama ndani ya maji, kikwembe amekikunja mpaka magoti, viatu mukononi, anatazama ukuta. Matofali ya chini yalikuwa mabichi, yalikuwa yanayeyuka.

"Sema basi," nilimuambia.

"Niseme nini?"

"Ile ulikuwa unangojea kusema miaka yote."

Aliweka mukono kwenye ukuta. "Ndugu yangu alijenga hii nyumba akiwa kijana. Ni mi nilimuchotea maji ya kufanya matofali." Halafu akaanza kushusha sufuria zangu, moja moja.

Nilimupokea zile sufuria. Vijana wa jirani walitoa manjanja, yale mabati, kwenye paa, tukakodi gari, tukapanda.

Kule Fizi kila kitu kilienda kama nilivyoogopa. Wifi yangu alianza kuniita mama. "Ulilala muzuri, mama?" "Kula, mama, ongeza." Alinipa kiti chake, alinikataza kushika maji baridi. Nilijua ile sauti, ni sauti ya kwenye matanga. Nilijaribu kumuamusha kwa utani. Siku moja mvua ilinguruma, nikamuuliza kama radi ya huku inapenda pia banene. Alijibu: "Mungu atatulinda, mama." Maharagi yale yale niliyokuwa ninagombania Baraka, sasa nilikuwa ninayameza kama dawa.

Nikaamua kurudi. Nilimuambia nitatafuta chumba cha kupanga Baraka, juu ya barabara, karibu na yule mama wa Burundi. Nilitumaini atanikatalia. Alitazama chini. "Kama moyo yako inapenda, mama."

Siku iliyofuata tulikuwa ndani tunatoa maharagi kwenye maganda. Vikombe vikaanza kugongana kwenye kabati. Mara kitanda kikasogea, vumbi likatoka kwenye dari. Tetemeko! Tulikimbia wote wawili, na kwa mulango tukafika pamoja. Ule mulango ni mwembamba na sisi si bembamba. Tukabanana.

"Pita!" alisema.

"Pita we, mwenye nyumba!"

"We ndiye mugeni, tangulia!"

"Mugeni hajui njia! Toa tumbo!"

"Toa yako!"

Tulisukumana mpaka tukaanguka inje, vitambaa vya kichwa vimetoka, kuku zinakimbia. Tetemeko lilikuwa limekwisha zamani. Labda liliisha tukiwa tungali tunapeana heshima. Wifi alikaa kwenye udongo, anashika goti.

"Huu mulima umenibeba tangu niolewe," alisema. "Umefika we tu, mulima umeelemewa."

Sikungoja. "Mulima wa kushindwa na mujane mumoja, ni mulima gani huo?"

"Mujane mumoja! We unahesabiwa wawili!"

Alicheka mpaka akashika mbavu, mi pia, na katikati ya kicheko akaanza kulia, akataja ndugu yake. Nikalia pamoja naye. Tangu matanga hatukuwa tumelia hivyo, sisi wawili, bila bantu wa kutazama. Alipojifuta uso na kikwembe, alininyooshea kidole.

"Na ujue, umeshindwa. Ni we umekimbilia kwangu."

"Nimekuja kulala tu. Dunia bado haijaisha."

Jirani wa wifi alichungulia kwenye uzio wa lupango. "Bamama, muko bazima?"

"Tuko bazima," wifi alimujibu kwa sauti ya nguvu, barabara nzima isikie. "Ni uyu mujinga wa ziwani alinizibia mulango!"

Tangu nipande Fizi, hakuna muntu alikuwa ameniita mujinga. Nilisimama, nikapangusa udongo kwenye kikwembe changu, nikamupa mukono ainuke. Kile chumba cha Baraka sikukitafuta.