Maneno Kumi ya T-I-O-N

Mwalimu wa Kiingereza wa binti yangu anaamini kwamba Kiingereza kinapimwa kwa urefu, kama kitenge. Neno lisilofika herufi nane analiona ni la wapiga soga. Ndiyo maana muhula uliopita, proclamation ilipokaribia, ile siku shule inapowakusanya wazazi uwanjani na kusoma matokeo kwa sauti ili kila mtu ajue mtoto wa nani amefeli, aliandika ubaoni maneno kumi marefu, yote yakiishia na T-I-O-N. Watoto walete maana zake kwa Kiswahili. Atakayepata kumi juu ya kumi atayakariri mbele ya wazazi wote.

Binti yangu ana miaka kumi na mmoja. Hapa kwetu mtoto anafundishwa lugha nne darasani, halafu nyumbani anaambiwa anyamaze kwa zote nne. Alitaka kukariri kuliko alivyotaka viatu, na viatu alikuwa anavihitaji kweli. Mama yangu alikwisha kutoa sandukuni kitenge chake cha Idi, akivae siku hiyo.

Tukakaa na mtoto chini nilipokwisha kuanika ndagala zangu, wale dagaa wa ziwani. Mimi nimemaliza sekondari, section ya lugha. Diploma iko ukutani, inaangalia mabeseni ya samaki. Kiingereza hakikunikaa sana, lakini T-I-O-N? Kifaransa kimejaa hizo. Yale maneno niliyatambua kama mtu anavyotambua shemeji zake. Formation: mafunzo. Location: kukodi, maana magari yote ya harusi yanayotoka Bujumbura si ni ya location? Collation: ile soda na andazi mnalopewa baada ya mkutano ili mkubali yaliyosemwa. Deception: kuvunjika moyo. Hilo sikulifikiria hata kidogo. Uzoefu ninao.

Daftari likarudi na tisa juu ya kumi. Deception imekatwa kwa mstari mwekundu, na chini yake ameandika: "Ni udanganyifu. Wazazi wasiojua wasisaidie." Sentensi hiyo aliisoma kwanza mbele ya darasa zima, ili elimu isipotee, halafu akamwambia binti yangu akae chini, hatakariri. Mtoto hakulia. Alifika nyumbani, akavua sare, akaikunja, akaniambia kwa adabu kwamba tangu leo kazi za shule atazifanya peke yake. Afadhali angenitukana.

Nikaitafuta kamusi yangu ya shule, ya Kiingereza na Kifaransa. Inaanzia C, kwa sababu A na B mama yangu alikwisha kuzifungia ndagala. Deception: udanganyifu. Mwalimu alikuwa na haki, na hapo ndipo nilipokasirika barabara. Mjinga akikukosoa unacheka. Akiwa na haki unafanya nini? Nikaendelea kufungua, si kwa kupenda elimu, kwa hasira tu. Collation: kulinganisha maandishi mawili, neno kwa neno. Formation: jinsi kitu kinavyojiunda. Location: mahali. Sikuamini. Zote tatu nilikuwa nimezikosa, na zote tatu mwalimu alizipigia vema, nyekundu na nene. Bila shaka deception ilikuwa kwenye kitabu chake cha kufundishia. Hayo mengine hayakuwemo, kwa hiyo na yeye aliyasalimia kwa Kifaransa, kama shemeji.

Kesho yake nilienda shuleni na kamusi ndani ya beseni. Nilimkuta barazani anasahihisha. Akaniita mama kwa ile sauti ya watu wenye kalamu nyekundu, akanieleza taratibu kwamba Kiingereza siyo Kifaransa. Nikamwambia murakoze, asante sana, amenifungua macho, na nikamwomba anifungulie na hiki kitabu kidogo, kwenye L.

Akasoma. Akarudia. Halafu akaniuliza kama hii kamusi si ya zamani.

"Iko ya zamani, Mwalimu," nikamwambia. "Lakini tangu zamani hiyo location haijahama."

Akaifunga. Akasema hakuna haja ya kumsumbua direkteri wa shule, sisi wote ni watu wa Rumonge, mutoto atakariri. Nikamwambia atakariri maana za kwenye kamusi, na yeye amwombe msamaha mbele ya darasa lile lile. La kwanza alikubali. La pili akasema programu imejaa. Nilikuwa na matusi ya nusu saa, yamepangwa vizuri. Niliyameza, kwa sababu ya kile kitenge cha Idi.

Mtoto ndiye aliyegoma. Hataki tena. Ile deception sasa inamchanganya, ya Kifaransa na ya Kiingereza zinamjia pamoja, atachekwa mara ya pili.

"Hazigombani, zinafuatana," nikamwambia. "Kwanza mutu anakudanganya: hiyo ya Kiingereza. Nyuma yake moyo unavunjika: hiyo ya Kifaransa."

Mama yangu, aliyekuwa anachambua ndagala pembeni, akauliza kama hili bado ni somo au tumeshaanza kumsema yule baba mtu aliyehamia Kabonga. Binti yangu akacheka, cheko la kwanza tangu daftari lirudi.

Siku ya proclamation alisimama mbele ya watu na viatu vyake vile vile. Location, mahali. Collation, kulinganisha maandishi mawili, neno kwa neno. Akafika deception, akatutafuta kwa macho. Mama yangu akanishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia.

"Udanganyifu," binti yangu akasema. "Kuvunjika moyo kunakuja nyuma."

Wanawake wakacheka kwanza, wanaume wakafuata baada ya kufikiri. Mwalimu alipiga makofi akiangalia ardhi.

Kisha direkteri akashika kipaza sauti, akawashukuru wazazi kwa uvumilivu, na akatangaza kwamba sasa kuna collation. Uwanja mzima ukainuka mbio, mwalimu wa Kiingereza mbele. Sikuona hata mtu mmoja aliyebeba maandishi.