Salamu Aliyoikimbia Binti Yangu

Binti yangu alipotaka kuolewa na fundi pikipiki wa Kiislamu pale Tukuyu mjini, nilisema nipewe muda wa kufikiri. Uongo mtupu. Sikuwa nafikiri, nilikuwa naogopa. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Lufingo, nina shamba la chai na migomba yangu, na kijana mwenyewe sikumwona na kosa. Tatizo lilikuwa kaka yangu, ambaye hunywa chai kwangu kila asubuhi na kuniachia maneno ya kutafuna mchana kutwa.

"Gwe, dini ile ilienea kwa upanga fijo, kwa upanga kabisa," aliniambia. "Unamtoa mtoto akaishi na watu wa vita?"

Nikammiminia chai nyingine. Binti naye alikuwa ameshasema hatoroki na mtu. Bila baraka yangu haolewi. Kila jioni alitenga chakula akaniangalia usoni, nami nikaangalia ndizi.

Basi baba wa kijana akaja kutoka Ujiji ili jambo lipate mwisho. Nilimfuata mjini kumsalimu, na kahawa haijapoa nikamuuliza vilevile kama kaka alivyosema, upanga na yote. Mwanawe akainamisha kichwa. Mzee hakukasirika. Alisema swali kama hilo halijibiwi haraka haraka, angekuja kwangu tukae.

Siku aliyokuja kulikuwa na manyunyu. Mke wangu alikuwa amemshika jogoo, akanikumbusha kwamba mgeni hawezi kula tukichinja sisi. Ikabidi nimkabidhi kisu chetu kikali kuliko vyote mtu niliyeonywa kuhusu upanga wake. Alimlaza jogoo taratibu, akataja jina la Mungu, akamaliza kwa mkato mmoja, akaosha kisu na kunirudishia kwa upande wa mpini. Niliona haya, wala sijui kwa nini.

Tukakaa barazani. "Sitakudanganya, mzee mwenzangu," alianza. "Vita vilikuwepo."

Alisema kwamba mwanzoni, kule Makka, wafuasi wa Mtume waliteswa miaka mingi bila kurudisha kofi. Wengine wakavuka bahari kwenda Uhabeshi kwa mfalme Mkristo, akawapa hifadhi na kukataa kuwarudisha kwa watesi wao. Hapo nilikaa vizuri kwenye kiti. Kumbe mtu wetu! Nilitamani kaka angekuwepo asikie. Lakini mzee akaendelea: wakahamia Madina, wakashika silaha, wakashinda vita vya Badri, wakapata pigo kwenye vita vya Uhudi. Nikaegemea tena.

Kisha akanieleza habari ya Hudaibiya, mahali nje ya Makka. Mtume alikuwa anakwenda Makka kufanya ibada, si kupigana, na watu wa Makka wakamzuia. Wakaandikiana mkataba wa amani, lakini watu wa Makka wakakataa aandikwe humo kuwa Mtume wa Mungu. Akakubali. Pakaandikwa jina lake na la baba yake, basi. Wafuasi wakafadhaika, maana mwaka ule walirudi bila kuiona Kaaba, wakadhani wameaibishwa.

"Vita hawakuviogopa," alisema mzee. "Amani ndiyo iliyowachanganya."

"Ikawaje?"

"Wakaja kuambiwa na Mungu kwamba mkataba ule ndio ushindi."

Nikaona pa kushika. "Kwa hiyo ni dini ya amani?"

Alikuna kidevu. "Mungu anatutakia amani, na sisi ni watu. Mtume alipofariki haikuchukua muda mrefu, Waislamu wakapigana wao kwa wao. Mjane wa Mtume upande huu, mkwewe upande ule. Hapo hata mimi nikisoma nalia."

Nilikasirika. Ndiyo, nilimkasirikia mgeni wangu. Kama angeniambia ni amani tupu, ningembishia. Kama angesema ni upanga, ningekataa posa, tukala jogoo, tukaagana. Yeye ananipa mfalme Mkristo, ananipa Badri, ananipa mkataba na machozi, nichague! Nikataka kumwambia sisi hatuko hivyo, lakini nikamkumbuka Yoshua na kuta za Yeriko. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini mimi nilikuwa nimeuliza nikazidi kuwa mjinga.

Ndipo binti yangu akatokea kwenye kona ya nyumba na kikapu cha majani ya chai mgongoni. Hakujua kama kuna mgeni. Mzee akainuka, uso umemchangamka, akasema, "Asalaam aleikum, mwanangu."

Binti akafunika uso kwa kanga, akatupa kikapu, akakimbilia migombani.

Mzee akabaki amesimama, anangoja. Migomba ilitikisika, ikatulia. Akachukua mwavuli wake.

"Salamu yetu ni amani," alisema polepole. "Nimeitoa nyumbani kwako, haikupokelewa. Nimeelewa." Akashuka njia ya barabarani.

Hakuelewa. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke hamtazami baba mkwe wake wala hamsemeshi. Akikutana naye huacha njia, hujificha. Heshima kubwa kuliko hiyo hatuna. Wala hamkimbii mzee yeyote tu. Anamkimbia baba mkwe, na kwa salamu ile alikuwa amemtambua. Msichana aliyekuwa akinisubiri mimi niseme, miguu yake ilikuwa imeshasema.

Mke wangu akatoka jikoni. "Mbona humwambii?" akaniuliza.

Nitamwambia nini? Kumweleza kwa nini amekimbiwa ni kumwita baba mkwe, na kumwita hivyo ni kumtoa binti. Upanga wa kaka ulikuwa bado kichwani, Badri sijaimaliza, Hudaibiya imenizunguka, na mgeni aliyechinja jogoo wangu anaondoka na njaa akiamini ni mimi niliyekataa amani. Nikawaza wale waliorudi na mkataba wao bila kuuelewa. Nao walirudi hivyo hivyo, wamechanganyikiwa, wanatembea.

Nikakimbia. Ndala moja ilibaki kwenye tope, nikaiacha. Nilimkuta karibu na daraja la miti.

"Rudi, mzee! Mkamwana wako amekukimbia kwa heshima. Ni desturi yetu."

Akageuka, mwavuli umeinama. "Umesema nani wangu?"

Nilihema. Nilitazama juu kwenye migomba, mahali binti yangu alipojificha, nikarudia kwa sauti ya kufika mpaka kule:

"Mkamwana wako!"