Daktari wa Meno Atulia

Tangu kliniki ifunguliwe baada ya ile miezi ya kujifungia majumbani, daktari wa meno hamgusi mtu kabla hajatafakari. Anashika koleo, anafumba macho, anavuta pumzi mpaka barakoa inamnata puani, kisha anashusha pumzi polepole kama anayepoza chai. Vidole ndivyo vikaidi, vinacheza vyenyewe. Leo kaja mama mmoja, shavu limemfura kama puto, akapanua mdomo. Daktari akafumba macho, akavuta, akashusha, akavuta tena, hadi moyo ukatulia kama maji mtungini na koleo halitikisiki hata kidogo. Akafumbua macho kwa furaha. Kiti kitupu.

“Yule mama yuko wapi?”

“Ameondoka, daktari,” muuguzi akajibu. “Anasema jino limeacha kuuma. Wewe ukishatulia, umpigie simu.”